Mwanajeshi na Bati Lake la Kulia

Akina mama wenzangu, kama umeolewa na mwanajeshi, au kama baba yako alipata kuvaa kombati, bila shaka umekwisha kuliona jambo hili. Mwulize habari za vita, naye atakujibu kwa maneno matatu, kisha ataomba maji ya kunywa. Lakini mwulize walikuwa wakila nini huko, hapo ndipo utakapomwona anavuta kiti. Atakueleza ugali uliopikwa kwenye pipa, maharage ambayo ukitaka kuyapata sharti upige mbizi, na biskuti ngumu iliyomvunja mtu jino. Atacheka mpaka machozi yamtoke. Atakisema chakula kile kwa kila neno baya analolijua, na papo hapo utaona usoni mwake kwamba anakipenda.

Wala si chakula tu. Anavipenda na vyombo vyake. Kijiko kilichopinda, kikombe cha bati kilichobanduka rangi, na zaidi ya vyote ile mestini, yaani bati la kulia lenye mkono unaokunjwa, ambalo hufaa kuwa sahani, sufuria, kikombe na hata beseni la kunawia uso. Mkewe anaweza kuwa na sahani nzuri za maua kabatini, lakini yeye macho yake yako kwenye bati.

Mimi nimeishi na watu wa namna hii maisha yangu yote. Baba yangu mzazi alikuwa askari wa Keya katika Vita Kuu ya Pili. Mume wangu alikwenda Uganda katika vita vya Kagera. Na juzi juzi mjukuu wetu wa kike alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa baada ya kumaliza kidato cha sita. Hao ni watu watatu wa vizazi vitatu, na wote wamenisimulia chakula kuliko walivyonisimulia jambo lingine lolote. Nimeona niwaandikie niliyoyaona, kwa maana ndani ya mizaha hiyo limo jambo ambalo mke au mama akilifahamu litamfaa nyumbani mwake.

Kijiko cha baba yangu

Baba alitoka Mbaga, huku kwetu milimani. Kabla ya kuandikishwa alikuwa hajapata kwenda mbali kuliko stesheni ya Same. Jeshi likamchukua mpaka Burma. Alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1944 ilishuka katika bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko, ikiwafukuza Wajapani kuelekea mto Chindwin. Barabara ziligeuka matope, magari yakakwama, na vyakula vikawa vinaangushwa na ndege. Watoto wa Kipare, Wanyamwezi, Wakamba na Wanyasa walisimama msituni wakitazama juu, wakingoja unga wa mahindi ushuke kutoka mawinguni.

Baba alikuwa akisema hivi: "Waisraeli waliteremshiwa mana, sisi tuliteremshiwa unga wa posho, na sote tulinung'unika." Kisha anacheka. Mengine ya Burma hakuyasema kamwe. Kama palikuwa na usiku wa kutisha, na lazima ulikuwapo, alikwenda nao kaburini. Sisi watoto wake tulirithi habari za gunia lililopasuka hewani likawageuza askari weupe kama waokaji mikate, na habari za nyama ya kopo ambayo kila mtu aliapa kwamba ni ya mnyama asiyejulikana.

Tulirithi na kijiko. Kilikuwa kijiko kikubwa cha chuma, ambacho alikuwa akikichomeka ndani ya soksi yake ndefu ili kisipotee. Nyumbani hakula kwa kijiko kingine mpaka alipofariki. Nilipokuwa msichana nilimwuliza kwa nini anakipenda hivyo. Akaniambia, "Bunduki ilikuwa ya Kingi Joji. Viatu vilikuwa vya Kingi Joji. Hata mimi mwenyewe nilikuwa wa Kingi Joji. Na kijiko pia kilikuwa chake, lakini nilikiramba miaka mitatu, kikawa changu."

Tulicheka sana. Miaka mingi baadaye, nikiwa mke wa mwanajeshi, nikaanza kuyafikiri maneno yale. Mtu aliyepelekwa mbali, asiyejua kesho atapelekwa wapi, hana nyumba, hana shamba, hana mke karibu. Kitu pekee kinachoingia kinywani mwake kila siku ni kijiko kile kile. Je, si ajabu kama hangekipenda?

Kopo lilitangulia, kifunguzi kikafuata

Dada zangu, jambo hili halikuanzia kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 Wafaransa walikuwa na majeshi makubwa yaliyopigana mbali na kwao, na chakula kilikuwa kikiharibika njiani. Mpishi mmoja aitwaye Nicolas Appert aligundua kwamba chakula kikitiwa katika chupa, kikafungwa barabara na kuchemshwa, hukaa muda mrefu bila kuoza. Mwaka 1810 Serikali ya Ufaransa ikampa zawadi ya faranga 12,000. Mwaka huo huo huko Uingereza mtu aitwaye Peter Durand akapata haki ya kutumia vyombo vya bati badala ya chupa. Hivyo ndivyo kopo lilivyozaliwa.

Lakini hebu sikilizeni kichekesho hiki. Vifunguzi vya makopo vilikuja katika miaka ya 1850 tu! Yaani kwa muda wa miaka 40 hivi watu walikuwa na makopo bila kifunguzi. Askari walifungua nyama yao kwa singe, kwa kisu au kwa patasi na nyundo. Naamini kama akina mama wangeulizwa, kifunguzi kingetangulia.

Mwaka 1942 Wamarekani waliwatengenezea askari wao kifunguzi kidogo cha kukunja, kisichozidi urefu wa kidole, na askari wengi walikivaa shingoni pamoja na vile vibati vya majina yao. Wako waliorudi kwao wakiwa wazee wakakiweka kwenye mnyororo wa funguo mpaka mwisho wa maisha. Katika vita vya 1914 hadi 1918 askari wa Kiingereza walipewa biskuti ngumu kiasi kwamba wengine waliziandika anwani na salamu juu yake, wakazituma nyumbani kwa posta kama kadi, nazo zikafika. Baadhi zimehifadhiwa hadi leo katika nyumba za makumbusho. Na tangu miaka ya 1980 askari wa Marekani wamekuwa wakipewa mfuko wa chakula ambao jina lake lina maana ya "mlo, tayari, kuliwa". Wao wenyewe husema huo ni uongo mara tatu kwa bei ya mmoja: si mlo, hauko tayari, na hauliki.

Kwa hiyo mume wako anapokikejeli chakula cha jeshi ujue hayuko peke yake. Anaongea lugha moja na askari wa dunia nzima.

Wasiokuwa na chungu

Hata hivyo mzaha huu una upande wake wa pili, na huku kwetu Upare tunao ushahidi wake. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalipita hapa chini, kati ya Milima ya Upare na mto Pangani, yakiwafukuza Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma kwa kufuata reli ya Tanga. Nyuma ya kila askari walikuwako wapagazi. Pande zote mbili ziliwachukua watu wetu, wengi wao kwa nguvu, wabebe mizigo. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Watu hao walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na magonjwa, na kuhara damu kulikuwa miongoni mwa yale yaliyowamaliza. Walipewa unga wa mahindi, lakini walifika kambini usiku wakiwa hoi, kuni zimelowa, vyombo vya kupikia havitoshi, wakaula haujaiva. Sisi tunaopika tunaelewa mara moja. Unga usioiva ni maradhi tumboni. Chungu kimoja kizuri na saa moja ya moto vingeokoa maisha ya watu wengi.

Tangu nilipoyajua hayo sikushangaa tena mwanajeshi kulishika bati lake kwa mikono miwili. Huyu anajua kwamba asiyekuwa na chombo cha kupikia hana siku nyingi.

Mestini yenye namba mbili

Sasa nije kwa mume wangu. Tulioana mwaka 1976. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutapigana. Mume wangu aliondoka mwezi huo, nami nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Huku nyuma wananchi walichanga ng'ombe, mbuzi, nafaka na fedha. Hapa kwetu akina mama tulitoa mahindi na maharage. Wanajeshi wetu walikwenda sehemu kubwa ya njia kwa miguu, kutoka Mutukula hadi Masaka, wakapigana Lukaya mwezi Machi 1979, na tarehe 11 Aprili wakaiteka Kampala. Mapema mwezi Juni wakafika mpakani mwa Sudan.

Aliporudi alikuwa amekonda, lakini mzima. Alileta kanga mbili, redio na mestini.

Mestini hiyo ilikuwa ya vipande viwili, kikubwa na kidogo, kidogo kinaingia ndani ya kikubwa. Tangu siku ile hakula katika sahani. Nilikuwa na sahani nilizopewa arusini, nazo zilikaa kabatini zikingoja wageni. Wageni walipokuja walikula katika sahani, naye akala katika bati lake, akiwachekesha kwa habari za Uganda. Binti yetu wa kwanza alipopata akili aliniuliza, "Mama, kwa nini baba anakula kwenye bati kama la kuku?" Shangazi zake nao waliniambia niitupe, maana watu watasema mke hamtunzi mumewe. Sikuitupa, ingawa sikujua kwa nini naihifadhi.

Habari alizosimulia zilikuwa za chakula tupu. Alisimulia matoke, ambayo siku ya kwanza waliyakataa wakasema hizo ni ndizi za watoto, na siku ya kumi wakawa wanagombania. Alisimulia nyama ya kopo iliyoliwa baridi usiku bila moto, kila mtu akipapasa kopo la mwenzake gizani. Na alisimulia sana habari za kijana mmoja wa Singida, rafiki yake, aliyekuwa bingwa wa utani. Biskuti za jeshi kijana huyo alikuwa akiziita "mama mkwe". Kwa nini? Kwa sababu, alisema, huwezi kuikabili kwa pupa. Sharti uinamishe kichwa, uilowanishe kwa chai, uisemeshe kwa adabu, na hata hivyo isikupende.

Nyumba nzima ilicheka, na mama mkwe wangu mwenyewe alicheka kuliko wote.

Lakini, wapendwa, sisi tunaoosha vyombo huyaona mambo ambayo wengine hawayaoni. Siku moja nilipokuwa nasugua mestini ile kwa majivu niliona kwamba bati kubwa lilikwaruzwa namba kwa ncha ya msumari, na bati dogo nalo lilikwaruzwa namba. Namba hizo hazikufanana. Ya kubwa niliijua, ilikuwa ya mume wangu. Ya dogo sikuijua.

Nikaanza kuzisikiliza hadithi zake kwa sikio jingine. Nikagundua jambo. Katika hadithi za Mutukula yule kijana wa Singida alikuwamo. Katika hadithi za Masaka alikuwamo. Katika hadithi za Kampala hakuwamo.

Sikumwuliza siku ile, wala mwezi ule. Nilingoja. Ikafika jioni moja ya mwezi wa saba, na mwezi wa saba milimani kwetu ni baridi ya kutetemesha meno. Nilikuwa nimepika makande. Nilimtilia yake katika bati kubwa kama kawaida, kisha nikajitilia yangu katika lile dogo, nikakaa karibu naye. Alilitazama. Nikamwuliza kwa upole, "Baba, namba hii ni ya nani?"

Kwanza alicheka kama kawaida yake. Akaanza tena hadithi ya mama mkwe. Safari hii hakuikatisha pale pa kuchekesha. Aliendelea. Akaniambia walikuwa na desturi ya kupika pamoja, mmoja akipika katika bati kubwa, mwingine akichemsha chai katika dogo, na kwamba la kwake dogo lilitobolewa mapema, ndipo wakawa wanatumia la mwenzake. Akaniambia habari za asubuhi moja karibu na Lukaya. Chai ilikuwa imechemka. Mnywaji wake hakurudi.

Hayo aliyoyasema baadaye sitayaandika hapa, kwa kuwa ni yake. Nitasema tu kwamba tulikaa mpaka moto ukazimika, na kwamba ilikuwa mara ya kwanza kumwona analia, miaka saba baada ya vita kwisha. Mwaka uliofuata tulisafiri mpaka Singida. Tulimtafuta mama yake yule kijana, tukamkuta. Mume wangu alimpelekea bati lile dogo. Mama yule alilishika, akapitisha kidole chake juu ya namba, kisha akauliza swali moja tu: "Alikuwa akishiba?"

Mume wangu akamwambia, "Alikuwa akishiba, mama, na alikuwa akituchekesha." Halafu akamweleza habari za biskuti. Na mama yule, katikati ya machozi yake, akacheka.

Wengi wa wenzao waliokufa wamezikwa Kaboya, huko Kagera. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mume wangu huiweka redio karibu na kunyamaza. Jioni hula makande.

Utani ni mlango

Nimejifunza nini katika haya? Naomba niyataje machache kwa ajili ya mke mwenzangu aliye na mtu wa namna hii nyumbani, awe mwanajeshi, polisi, mlinzi, au hata dereva wa safari ndefu.

Kwanza, akisifu ugali wa kambini usidhani anatukana mapishi yako. Hasifu ugali. Anawasifu wale aliokula nao. Mwache aseme, na wewe mwongezee mboga.

Pili, usivitupe vitu vyake vikuukuu bila kumwuliza. Kile unachokiona kama takataka pengine ni kaburi dogo la mtu ambaye hakuzikwa karibu. Kama bati limeshika kutu kiasi cha kuhatarisha afya, mwambie aliweke mahali pa heshima badala ya kulitumia. Kama bado ni zima, lioshe kwa majivu na maji ya moto, likaushe vizuri, nalo litadumu.

Tatu, sikiliza utani wake mpaka mwisho. Wanaume wengi hawawezi kusema, "Niliogopa," au "Nilifiwa." Lakini wanaweza kusema, "Maharage yale yalikuwa na wadudu wengi kuliko maharage." Utani ni mlango aliouacha wazi kidogo. Usiusukume kwa nguvu. Kaa karibu nao.

Nne, iko mizigo ambayo bakuli la makande halitoshi kuitua. Mumeo akiwa halali usiku, akipiga kelele ndotoni, akiwa anakunywa pombe kupita kiasi au anawapiga watoto, hayo si mambo ya kuvumilia kimya kimya. Mweleze daktari, na utafute watu wazima mnaowaamini wakae naye. Hiyo si aibu. Ni jeraha kama jeraha jingine.

Na tusijifanye kwamba sisi wanawake hatuna desturi hiyo hiyo. Vita vilipokwisha Mwalimu alituambia tufunge mikanda kwa miezi 18, na miezi ile ikawa miaka. Tulipanga foleni kwa sukari, sabuni na mafuta. Tulikula ule unga wa mahindi ya njano tukauita "unga wa Yanga", kwa rangi ya jezi za timu. Watoto wetu shuleni walikula bulga ya msaada wakaitungia kila aina ya mzaha. Leo wanawake wa rika langu tukikutana kwenye arusi, tunazungumza nini? Unga wa Yanga! Tunacheka mpaka tunashikana mabega. Hatuupendi unga ule. Tunapendana sisi tulioula.

Makande ya Upare na kambi ya kuruta

Nimetaja makande mara nyingi, na watani wetu Wachaga watasema Mpare hawezi kumaliza ukurasa bila kuyataja. Ni kweli. Ni chakula cha kwetu, na hutaamini ni askari wangapi wa makabila mengine niliowasikia wakisema waliyajua makande jeshini au katika shule za bweni. Huko hupikwa kwa wingi, mahindi na maharage kwa maji na chumvi, na ndiyo maana wengi wanayachukia. Nyumbani tunayakoboa mahindi kwenye kinu tukaondoa maganda, tunayaloweka pamoja na maharage usiku kucha, kisha tunayapika polepole kwa saa kadhaa. Milimani huchukua muda zaidi kuliko Same mjini, kwa sababu jinsi unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kabla hayajawa na moto wa kutosha. Mwishoni tunaunga kwa kitunguu na mafuta, au tunatia maziwa. Ukimpa askari aliyestaafu makande ya namna hii atakuambia hayafikii yale ya kambini. Usimwamini, ila mwongeze.

Mjukuu wetu alipoitwa JKT mama yake alikosa usingizi. Nami nilimweleza kwamba jeshi hilo lilianzishwa mwaka 1963, kwamba wasichana wamepita huko tangu zamani, kwamba utaratibu wa vijana wa mujibu wa sheria ulisimamishwa mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013, na kwamba wengi waliorudi wamerudi wakiwa wakakamavu. Hakusikia hata neno moja. Mama akiwa na hofu hasikii historia.

Babu yake alimwita uani. Alimpa kile kijiko cha baba yangu, kijiko cha Burma. Akamwambia, "Wasikuibie. Kwenye foleni ya chakula usiwe wa kwanza, kwa maana mchuzi wa juu ni maji. Usiwe wa mwisho, kwa maana wa mwisho hukuta sufuria. Kaa katikati, na umtafute mtu wa kula naye."

Alikaa wiki kadhaa bila kupata nafasi ya kupiga simu. Mama yake alikuwa akiishika simu kama mtoto mchanga. Siku moja jioni ikaita. Sauti ya binti ilikuwa imekauka kwa kuimba mchakamchaka. Hakumsalimu hata mama yake sawasawa. Alianza moja kwa moja: "Mama, uji wa huku unaweza kubandika matangazo ukutani! Na maharage, mimi na rafiki yangu tumeyahesabu, ni kumi na saba. Tumeyapa majina."

Mama yake akaishusha simu kifuani, akanitazama kwa wasiwasi. "Mama, wanamtesa mwanangu njaa!"

Lakini mume wangu, aliyekuwa amekaa barazani, alikuwa anacheka peke yake mpaka fimbo ikamwanguka. "Ana rafiki," alisema. "Mmesikia? Amesema mimi na rafiki yangu."

Ndipo na mimi nikatulia. Akina mama, mtoto wako akiwa mbali akikuambia kwamba kila kitu ni kizuri, hapo anza kumwombea kwa bidii. Lakini akilalamikia maharage huku anacheka, lala usingizi. Huyo yu mzima, na hali peke yake.